Vidonge vya Kuzuia Chafya

Kila mwaka mahindi yakianza kutoa mbelewele, pua ya Mzee Kiptum hugeuka bomba. Hiyo si siri. Kilima chote, kuanzia shamba lake la majani chai mpaka barabara ya kwenda Longisa, huisikia. Anaanza alfajiri akienda kukama, chafya juu ya chafya, mpaka ng'ombe wenyewe wamezoea na hawashtuki tena. Macho yanamwasha, koo linamwasha, na mkewe Chepngeno husema kwamba mwezi huo hana mume, ana mtu wa kupiga chafya tu.

Sasa mwaka huu, katikati ya mwezi huo huo, binti yao Chepkurui akaleta habari kwamba watu wa Gordon wanakuja kwa koito, yaani ile siku wazee wa mvulana wanapofika kwa wazee wa msichana kumwomba rasmi na kuongea habari ya ng'ombe. Na Gordon ni Mjaluo. Si Mjaluo wa mbali, maana alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai upande wa Kericho, marehemu baba yake alikuwa fundi kiwandani, na Kikipsigis anakiongea kuliko baadhi ya vijana wa hapo kilimani. Kazi yake ni ya heshima, mfamasia katika kemisti moja kule Soin. Lakini Mjaluo ni Mjaluo, na majirani walishaanza kuulizana kwa sauti ya chini: je, Kiptum atakubali kweli?

Kiptum alikuwa ameshakubali zamani. Kijana alikuwa amemkalia vizuri moyoni tangu siku ya kwanza alipokuja akavua viatu, akashika jembe bila kuambiwa. Ila hakumwambia mtu yeyote. Kumtoa Kiptum neno ni kazi kama kukama fahali, na mkewe alishachoka kujaribu.

Kilichomtia hofu mzee ni pua. Mwaka uliopita, kwenye koito ya jirani, alipiga chafya katikati ya maombi, tena si moja, mpaka mama mmoja wa upande wa wageni akainua kiti chake polepole akakisogeza mbali. Watu walijitia hawakuona. Kiptum aliona. Akaapa kwamba siku ya binti yake, mbele ya wakwe, hata chafya moja haitamtoka.

Haya, niambie, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Ana mkwe mtarajiwa anayeuza dawa kwa cheti cha serikali. Angepiga simu aseme, Gordon, pua inanisumbua, nisaidie. Maneno manne, imekwisha. Lakini kwa wazee wa kilimani kule, mkwe haambiwi habari za mwili wa baba mkwe. Mkwe anaulizwa mvua, anaulizwa wazazi, anaulizwa kazi, basi. Na zaidi ya hapo, watu wanakuja kwako kuomba binti, halafu wewe utangulie kuwaomba dawa? Kiptum aliona heri azibe pua na kitambaa.

Kwa hivyo akaenda dukani kwa Nyabate. Nyabate anauza sukari, mafuta ya taa, sabuni ya kipande, na ndani ya mkebe wa biskuti anauza vidonge. Akachukua makasi, akakata kipande cha karatasi ya vidonge, akampa.

"Hii ni ya chafya na pua kuziba, kazi mbili kwa moja," akasema. "Mzee, hii itakukausha mpaka ushangae."

Boksi lenyewe, na ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani, vilishatupwa kitambo. Nyabate hakuuliza kitu na Kiptum hakusema kitu. Na alikuwa nacho cha kusema, jamani! Mwaka jana kanisa lao lilileta madaktari wa kupima wazee bure, na daktari mmoja akamwambia kwamba tezi dume, ile tezi ya wanaume inayozunguka njia ya mkojo, imeanza kuvimba, na kwamba aende hospitali ikaangaliwe vizuri. Kiptum aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Hata Chepngeno hakuambiwa. Akienda msalani anasimama muda mrefu, tone kwa tone, na mwenyewe anasema ni uzee.

Jioni ile akameza kimoja. Lo! Pua ikanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Usiku akalala usingizi mzito sana, na asubuhi ya koito akameza kingine kwa furaha. Baadaye kidogo akahisi kitu kikimtekenya puani, akaongeza. Halafu, kwa kuwa ni mtu asiyependa kubahatisha, akafungua kabati la mkewe, akatoa zile kapsuli za homa ambazo Chepngeno alikuwa amebakisha, nyekundu upande mmoja na njano upande mwingine. Rangi ni tofauti, kwa hivyo dawa ni tofauti, ndivyo alivyojiambia. Akateremsha na kikombe kikubwa cha chai ya rangi, akavaa koti.

Wageni walipofika, pua yake ilikuwa kavu kabisa. Mdomo nao ulikuwa umekauka, ulimi unagandama, na moyo unadunda kana kwamba amepanda kilima akikimbia. Hayo aliyavumilia. Jambo lililoanza kumsumbua ni lingine. Tangu asubuhi hakuwa amekojoa.

Watu walijaa sebuleni. Upande wa wageni alikuwepo mama yake Gordon, aitwaye Loice, mama mpole aliyefunga kilemba cha buluu, pamoja na mjomba wa Gordon, Ouko, mtu wa sauti nzito ambaye ndiye msemaji wao. Upande wa nyumbani msemaji alikuwa Isaiah, mdogo wake Kiptum. Gordon alikaa karibu na mlango, macho chini, mikono juu ya magoti. Chepkurui alikuwa jikoni na kina mama.

Wakaomba, wakasalimiana, mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, ikaletwa. Kiptum, mdomo umekauka vile, akanywa maziwa hayo kama mtu aliyetoka jangwani. Akaongezwa. Akanywa tena. Tumbo la chini likaanza kumkaza, akainuka, akaomba radhi, akaenda msalani nyuma ya migomba. Akasimama. Akangoja. Akakohoa kidogo, akafikiria mto, akafikiria mvua ya masika. Hakuna kitu.

Akarudi akakaa. Sasa hapo ndipo mambo yalianza kumharibikia. Kwa watu wa kilimani, maneno ya kumwomba msichana yakishaanza, baba wa msichana hainuki. Anakaa kwenye kiti chake, hata kama hasemi, maana kukaa kwake ndiko kukubali kwake. Akiinuka na kutoka, wazee wanajua anachosema. Anasema hataki.

Ouko akasafisha koo. "Wazee wetu, sisi tumetoka upande wa ziwa miaka mingi, lakini watoto wetu wamezaliwa hapa. Tumeona ua katika boma hili..."

Kiptum akainuka.

Isaiah akamtazama kwa macho makubwa. Kiptum akatoka hivyo hivyo, akaenda nyuma ya migomba, akajikaza kisabuni, jasho likamtoka mpaka kwenye kola ya shati. Hakuna. Kibofu kilikuwa kimejaa na kimefungwa, na kila alipojikamua maumivu yalimpanda mpaka kiunoni. Aliporudi, Ouko akaanza upya, kwa sauti iliyopungua utamu. Hakufika mbali. Kiptum akainuka tena, uso umekunjamana kama mtu aliyekula ndimu.

Safari hii Ouko hakuendelea. Alikaa, akakunja mikono. "Isaiah," akasema, "labda tumekuja siku mbaya."

"Hapana, hapana, mzee wetu ana... hewa tu anatafuta," Isaiah akasema, na hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Kiptum hakuyasikia hayo. Alikuwa anapita nyuma ya jikoni, mkono ukutani, anatembea kwa hatua za mtu aliyebeba yai. Na kupitia mbao za jikoni akasikia sauti ya binti yake akilia.

"Hataki, Mama. Ametoka tena. Si angesema tu kutoka mwanzo?" Chepkurui alikuwa akisema. "Amengoja mpaka watu wazima wamekuja, awaaibishe mbele ya kila mtu. Kwa sababu ni Wajaluo."

"Ngoja kwanza, mama. Baba yako si mtu wa hivyo," Chepngeno akajibu.

"Basi ni mtu wa vipi? Mama, wewe unajua? Mimi sijui. Mimi nitamwambia Gordon warudi kwao. Sitaolewa na mtu ambaye baba yangu amemtukana."

Maneno hayo yalimchoma Kiptum kuliko hayo maumivu ya tumbo, na maumivu ya tumbo hayakuwa madogo. Alitaka kuingia jikoni aseme si hivyo. Lakini angesema nini? Baba amwambie binti yake kwamba mkojo umekataa? Tena mbele ya shangazi zake, siku ya koito? Aliona bora ardhi ipasuke immeze. Akajikokota mpaka zizini, akaegemea nguzo, akafunga macho. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba atakufa pale pale, na kwamba mtoto wake atamzika akiamini kwamba alimchukia mchumba wake.

"Mzee."

Alifungua macho. Ni Gordon, amesimama mbali kidogo, kwa adabu, hajavuka lango la zizi.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Kama kuna neno mjomba amesema vibaya, au kama ni mimi..." Kijana alishika lango. "Kama hutaki, niambie mimi. Usimwambie Chepkurui. Nitamwambia mwenyewe."

Kiptum alimtazama. Shati jeupe, limepigwa pasi. Kijana alikuja kupokea kisu badala ya binti yake. Na mzee akaona kwamba hapa hakuna tena mahali pa kujificha.

"Gordon," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Siwezi kwenda haja ndogo."

Hakuna kilichotokea. Mbingu hazikuanguka. Ng'ombe aliendelea kutafuna. Gordon hakucheka, hakuangalia chini, wala hakukimbia. Akavuka lango la zizi na kuja karibu, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa mtu aliye kazini.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu usiku. Asubuhi ilikataa kabisa."

"Unasikia mkojo umejaa, lakini hautoki?"

"Umejaa. Mwanangu, umejaa sana."

"Kuna dawa umemeza? Yoyote?"

Kiptum akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kipande cha karatasi. Kilikuwa kimekatwa katikati ya jina. Gordon akakigeuza kwenye mwanga, akasoma herufi zilizobaki, akavuta pumzi.

"Umemeza ngapi?"

Kiptum akamwambia. Akamwambia na zile za homa za Chepngeno, nyekundu na njano.

"Ile ya homa, Mzee, ni dawa ile ile. Imevaa shati lingine tu," Gordon akasema. "Ndani kuna vitu viwili. Kimoja kinakausha chafya na kinaleta usingizi. Cha pili kinafungua pua kwa kubana mishipa, na hicho hakichagui, kinabana na mlango wa kibofu. Hiki cha kwanza nacho kinalegeza kibofu, kinashindwa kusukuma. Mtu mwenye afya anameza kimoja anapona. Lakini kama mtu ana tezi dume..." Akasita. "Mzee, uliwahi kuambiwa una shida ya tezi?"

Kiptum akawageukia ng'ombe wake.

"Niliambiwa," Kiptum akasema mwishowe.

"Nani anajua?"

"Wewe."

Gordon hakusema pole wala hakumlaumu. "Usinywe kitu kingine chochote, hata maji," akasema. "Tunaenda Longisa sasa hivi. Hili si jambo la kungoja jioni, litaharibu mpaka figo."

"Na wageni?"

"Wageni ni watu wangu, Mzee. Watangoja."

"Gordon. Usiwaambie."

"Siwaambii."

Na hakuwaambia. Aliingia sebuleni, akaomba funguo za gari walilokuja nalo, akasema Mzee anaumwa, anampeleka hospitali. Ouko akamwangalia, akaangalia Isaiah, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hata kwetu," akasema, "mzee akitaka kukataa kwa heshima, huwa anaugua." Chepngeno alikimbia na shuka mpaka kwenye gari, akauliza ni nini, mumewe akamwambia atamwambia. Chepkurui hakutoka jikoni.

Ile barabara, afadhali tusiongee habari yake. Kila shimo Kiptum alilijua kwa jina, na kila tuta alilikaribisha kwa kulia, mzee mzima, bila aibu yoyote iliyobaki. Gordon aliendesha pole pole, akisema "pole, Baba" kila gurudumu lilipogonga. Hakuna aliyeona ni lini aliacha kumwita Mzee.

Hospitalini walipokelewa haraka. Gordon alieleza kwa maneno machache, akataja dawa zilizomo ndani ya vile vidonge, akataja na tezi, kisha pazia lilipovutwa akabaki upande wa nje. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa Chepkurui hivi, na siku nyingine yoyote Kiptum angedai mwanamume. Siku hiyo angemkubali hata chifu, mradi ana mpira wa kutoa mkojo.

Ukaingizwa. Kulikuwa na uchungu kidogo, halafu, ee Mungu wangu. Ukaanza kutoka. Kiptum alisikia tumbo likilegea, kiuno kikilegea, mabega yaliyokuwa yamekaza tangu alfajiri yakishuka yenyewe. Mfuko ukajaa, wakauangalia wote wawili, yeye na daktari, kwa heshima kubwa. Machozi yakamtoka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akasema kongoi, kongoi, asante, mpaka daktari akacheka pia.

"Mzee, una bahati. Hapa ungechelewa tungekuwa tunaongea mambo mengine," daktari akasema akifunga kile kifaa cha kupima presha. "Presha nayo imepanda, na hizo dawa zinaipandisha pia. Utakaa na huu mpira siku chache, tutaiangalia hiyo tezi vizuri. Dawa hizi si mbaya, lakini si za kila mtu. Ununue kwa mtu anayekuuliza maswali. Usichanganye ya homa na ya chafya bila kuuliza. Na ukiwa na shida mwilini, useme."

"Nitasema," Kiptum akajibu.

"Na pua?" akauliza baadaye, kwa woga.

"Ziko dawa zingine za pua, Baba," sauti ya Gordon ikajibu kutoka nyuma ya pazia. "Ya kwanza ni kuisafisha na maji ya chumvi. Zingine tutamuuliza daktari."

Simu ya Gordon ikalia. Kiptum alimsikia akijibu kwa Kijaluo, chini chini.

"Nini?" mzee akauliza.

"Ni mjomba. Anasema wanataka kuondoka. Chepkurui amewaambia waende, amesema haina maana. Nimemwambia wewe ni mgonjwa kweli, haamini, anataka niseme ni ugonjwa gani." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimekataa. Nilikuahidi."

Kiptum alilala akitazama dari. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, na pengine wepesi huo ndio uliompa nguvu. Akatoa mkono kupitia kwenye pazia.

"Lete hiyo simu."

"Baba, wameweka sauti ya juu. Sebule yote inasikia. Hata jikoni."

"Vizuri. Lete."

Akaishika. Upande ule kulikuwa na minong'ono ya watu wengi na mlio wa vikombe vikikusanywa.

"Ouko," akasema. "Ni mimi, Kiptum. Msiende. Sikuwa natoka nje kwa sababu ya kijana wako. Kijana wako nilimpenda tangu siku ya kwanza, na kosa langu ni kwamba sikusema. Nilimeza vidonge vya kuzuia chafya ili nisiwapigie chafya wageni wangu. Vikanifunga mkojo. Nilikuwa naenda huko nyuma ya migomba kutafuta mkojo, Ouko, na mkojo unakataa. Gordon ndiye ameniokoa. Huyo ni mtoto wangu. Isaiah, endelea na maneno, mimi nimekaa kwenye kiti changu hata kama niko kitandani."

Kiptum alisikia saa ya ukutani ya nyumbani kwake ikigonga kupitia simu. Aibu ikamshika mashavu, lakini hakukata simu.

Halafu zikasikika hatua za haraka, kiti kikasukumwa, mtu akanyang'anya simu, na sauti ya Chepkurui, imejaa machozi, ikauliza lile swali ambalo hakuna binti wa kilima kile aliyewahi kumuuliza baba yake.

"Baba, umekojoa?"

"Nimekojoa, mama," Kiptum akajibu. "Nimekojoa sana."

Na nyumba nzima ikapiga vigelegele.